Kostimu ya bale (mitumba), ya dukani, ya fundi, kikwembe (kitenge) ao shemizi tu: uzoee ipi mbele ya kutafuta kazi?

Miye kazi yangu ni risepsio, mu ofisi moja ya huku Nguba, mutaa wa Bukavu, na siku za interviu njo siku zenye ninaona mambo ya nguo mpaka ninachoka. Watu wanafika mbele ya saa, wanakaa ku kile kiti kirefu cha koridoo, na mutu akikaa tu dakika tano unajua kama ile nguo ameivaa mara kumi ao ni leo njo wameonana nayo.

Kuna kijana mumoja sitamusahau. Alikaa karibu saa nzima bila kuegemea, mikono juu ya magoti kama anangojea picha ya kadi ya elekteri, juu vesti (koti ya kostimu) ilikuwa inamukaza ku kwapa. Ku mukono wa kushoto, ile etiketi ya dukani ilikuwa ingali pale imeshonewa, na nyuma, fasi ya mupasuko wa vesti, ule uzi mweupe wa X nao ungali. Walipomuita akasimama, akavuta vesti chini, akavuta kravati juu, akaingia, farde (faili) yake yenye diplome yote akaiacha ku kiti. Nikakimbia nayo nyuma yake. Sijui walimuuliza nini mule ndani, lakini akili yake ilikuwa ku kwapa, ile ninakuhakikishia.

Sasa mudogo wangu anamaliza ISP (chuo cha walimu), ananiuliza "Yaya, ninunue kostimu gani?" Nikamuambia kwanza wewe hauna interviu ata moja, kwa hiyo uko na bahati, uko na wakati. Chagua ile yenye utavaa mara nyingi mbele ya simu kulia. Njo maana hapa chini sitalinganisha sana bei ao urembo, nitaangalia mwili wako utachukua muda gani mpaka usahau kama umeivaa, halafu njia zetu za Bukavu na mvua yetu zitaiacha salama ao hapana.

Shemizi nyeupe na pantalo, bila vesti

Hii watu wanaizarau, lakini kwa kuzoea hakuna inayoipita. Fikiria tu: mutoto wa Kongo anavaa nyeupe na bluu tangu primeri mpaka diplome d'eta, miaka 12 kama hajarudia kalasi. Shemizi nyeupe yenye kola, umechomekea, mukaba, mwili wako unaijua kuliko vile unajua jina la profesa wako. Ukiivaa leo kesho hauifikirie tena.

Tabu yake ni moja, na inachekesha: ukivaa nyeupe na bluu ile ile unafanana na mwanafunzi, na mulinzi wa portai atakuuliza kama umekuja kutafuta shefu juu ya pesa ya shule. Badilisha kimoja tu. Pantalo iwe ya kijivu yenye giza ao nyeusi, ao shemizi iwe bluu ya maji, imeisha. Kola ukiifunga iachie vidole viwili vipite ku shingo, vikikosa kupita utaanza kumeza mate ovyo na watasema unaogopa.

Kwa staji, kwa kazi za terrain, kuhesabu watu, lojistiki, ualimu, hii inatosha kabisa. Kwa benki ao kazi ya kadre, vesti wanaitazamia, usijidanganye.

Kostimu ya bale

Hapa njo ningeweka pesa yangu, na njo hapa nitakaa sana.

Faida ya kwanza ya vesti ya bale ni kwamba kuna mutu ulaya alishaizoeza kwa ajili yako. Kiwiko kimelainika, kola imelala, haina ule ugumu wa karatasi. Ya pili, ukiwa na jicho unapata sufu ya kweli kwa pesa yenye dukani inakupatia plastiki inayong'aa. Namna ya kujua: omba muuzaji uvute uzi mumoja ndani ya mushono, uuchome na kiberiti. Ukinukia kama nywele zimeungua na ukabaki majivu ya kusagika, ni sufu. Ukiyeyuka ukafanya kashanga kagumu, ni poliesta. Wauzaji wengine mu soko ya Kadutu wanakasirika ukitoa kiberiti, wengine wanacheka na kukuita shefu, wewe chagua wa kucheka.

Halafu mabega. Kila kitu kingine fundi anaweza: mikono kufupisha, pantalo kukata, kiuno kupunguza ao kuachilia vidole viwili vitatu kama ndani walibakiza kitambaa, tumbo kubana. Mabega hapana. Fundi akikuambia ataweza mabega ujue anataka pesa ya leo. Mushono wa bega ufike fasi mufupa wa bega unaishia, isizidi, isipungue, kama si hivyo irudishe ata kama rangi imekuua roho.

Angalia pia kifua. Vesti nyingi za bei ya chini, kati ya kitambaa cha inje na cha ndani wameweka kitambaa cha kati chenye gundi. Mutu akishaifua na maji ya moto ao akaipiga pasi kali, gundi inaachia, kifua kinafanya mapovu kama chapati. Ile haitengenezeki tena. Pitisha mukono chini ya muanga, utaona. Na wewe nyumbani usiitie mu bafu na sabuni ya unga kama jinzi, ipanguse na kitambaa chenye maji kidogo, itundike inje upepo uipite, na ukiipiga pasi ya makala (juu kura, ni kusema umeme, ikikosa njo pasi yenye tunabaki nayo) weka kitambaa chenye unyevu katikati, cheche moja tu na hauna kostimu.

Nusa kwapa. Samahani kusema hivi lakini nusa.

Hali ya hewa ya hapa inaikubali. Bukavu iko karibu mita 1500, asubuhi kuna baridi, vesti ya sufu inakuwa rafiki. Lakini ofisi ingine inaweza kukupeleka Uvira, na Uvira iko chini kabisa kule ku Tanganyika, ziwa lenyewe liko mita 770 na kitu, ukishuka na ile sufu ya Kadutu utafika umelowa kama umeogelea. Kama kazi ni ya kule, rudi ku shemizi, ao tafuta vesti yenye haina kitambaa cha ndani mugongoni.

Muda wa kuzoea: wiki mbili, ukiivaa kweli.

Kostimu mupya ya dukani

Nitapita haraka. Inapendeza mu mufuko wake, inapendeza ku picha ya kolasio (siku ya kupewa diplome), halafu ni ngumu, inafanya kelele ukitembea, na nyingi zenye tunaweza kulipa ni zile za gundi nimesema. Inaomba mwezi mbele ya kukubali mwili. Kama mama ao shangazi ameshakununulia, mushukuru, usikatae, lakini leo hii kata etiketi ya mukononi, kata uzi wa X wa nyuma, fungua mifuko yenye wameshonea. Vile vyote viliwekwa juu nguo isikunjamane njiani, havikuwekwa juu watu wajue bei. Na kifungo cha chini cha vesti hakifungwe, ata ukione kiko na tundu lake.

Ya kushonesha kwa fundi

Mabega yanakuwa yako, rangi yako, na mama mwenye umbo lenye bale haina anapata tayeri (kostimu ya mwanamuke) inayomukaa. Mimi ningeipenda kuliko zote kama si neno "kesho". Fundi wangu wa kwanza (nimemusamehe) aliniambia ijumaa, ijumaa ikawa ingine ijumaa, nikaenda interviu na jipe (sketi) ya kuazima kwa jirani, nimeifunga na épingle nyuma. Kwa hiyo hii ni nguo ya mutu mwenye hajaanza bado kutuma madosye. Peleka kitambaa miezi miwili mbele, omba majaribio mawili, na siku ya kujaribu usisimame tu kama sanamu unajiangalia ku kioo: kaa, inama ufunge kiatu, nyoosha mukono kama unasimamisha taxi, andika jina lako ku meza. Pale njo utajua. Umuambie pia abakizishe kitambaa ndani ya mishono, juu ukipata kazi utanenepa, sote tumenenepa.

Kikwembe

Hapa ninaandikia zaidi wadada na wamama, ata kama wanaume siku hizi shemizi ya kikwembe wanaivaa ofisini ijumaa bila haya.

Watu wanauliza kama kikwembe ni nguo ya kazi. Wazee wetu wangeshangaa na ile swali. Wakati wa Mobutu, miaka ya 70, mwanaume alitakiwa abakosti (ile koti ya kuvaa bila kravati), mwanamuke kikwembe, kravati ilikatazwa, ofisi zote za inchi zilifanya kazi hivyo mpaka ile siku ya 24 aprili 1990 aliporuhusu vyama vingi na kravati nazo zikarudi. Papa yetu alianza kazi mu abakosti, njo maana mu nyumba yetu hakukuwa mutu wa kufundisha mudogo wangu kufunga kravati, amejifunza ku telefone na papa akajifunza nyuma yake. (Ncha ya kravati ifike ku mukaba, isipite, isibakie ku kitovu.)

Tena kwa mwili, kikwembe hakina wa kukufundisha. Shida haiko ku kitambaa, iko ku mushono. Tunashonesha ya interviu kama ya ndoa: jipe inabana mpaka magoti, mikono iko na mabawa, shingo iko inje. Nilijifunza ile ku moto (pikipiki). Nilivaa jipe ya kikwembe yenye kubana kutoka mutaa wa Essence, moto akasimama, nikaona siwezi kupanda kama kawaida, nikakaa upande, farde mukono huu, mukono ule nimeshika shati ya motari, tukafika ku muteremko… sikuanguka. Lakini mushono wa nyuma uliachia kutoka magoti mpaka fasi sitasema, na nilitembea siku ile nzima na farde nyuma kama mutu amesahau kitu.

Kwa hiyo: jipe iwe na mupasuko ao ikunjuke kidogo, urefu upite magoti, libaya (blauzi) ya mikono mifupi yenye haigombane na mukoba. Piece nzima ni yadi 6, karibu mita tano na nusu, ukishona libaya na jipe bila mapambo mengi, demi piece ya yadi 3 inaweza kukutosha kama hauna mwili mukubwa. Loweka kitambaa mbele ya kukipeleka kwa fundi, pamba inarudi nyuma ikipata maji mara ya kwanza na utabana bila kunenepa. Kuhusu mafasi: mashule, kazi za kanisa, kazi za kuongea na wamama mu vijiji, ofisi za serikali, kikwembe kinaingia na heshima yote, na kule vijijini kinakufungulia mulango kuliko tayeri. Benki ao kampuni, vaa vesti nyeusi ya bale juu ya kanzu ya rangi moja, kikwembe utakivaa ukishazoeana nao.

Viatu sasa

Ninaona watu wanapima kostimu wiki tatu, viatu wananunua jana. Bukavu yetu ni kupanda na kushuka. Mutu wa Cimpunda ao Panzi, mbele afike ku barabara ya taxi ameshapita ngazi za udongo na mutaro mbili, na kuanzia septemba mpaka mei mvua haikuulize kama uko na interviu. Ile tabia ya kuvaa kamambili (sandali za plastiki) mpaka chini halafu kubadilisha ku barabara, usiionee haya, sote tunafanya, weka tu kitambaa na chupa ndogo ya maji mu mufuko ya kupangusa miguu, juu nimeona soksi nyeupe zenye matope ndani ya viatu vyeusi.

Nunua kiatu nyuma ya saa tisa ya mchana, mguu unavimba kidogo ukitembea siku nzima, chenye kinakuingia asubuhi kitakukaba jioni. Ukikileta nyumbani, vaa na soksi nene nusu saa, kesho tena nusu saa, kesho kutwa saa nzima. Kikipata mvua usikiweke karibu na mbabula (jiko la makala), ngozi inapasuka, kijaze makaratasi ya zamani na ukiache kivulini. Na soli ikiwa laini, isugue ku simenti ya inje mpaka ikwaruzike. Koridoo yetu ku kazi iko na karo (vigae vya chini) zenye kuteleza, kila mara mama anapita kufuta, nimehesabu kwa macho yangu watu watatu wenye waliingia mule ndani wametembea kama wanavuka muto Ruzizi juu ya mawe.

Talo (viatu vya kisigino) kwa wadada: urefu wa vidole viwili vinatosha. Baleri, kiatu cha bila kisigino, ya chini pia hakuna mutu atakukatalia kazi juu yake.

Sasa kuzoea: kanisani, nyumbani, ao njiani?

Wengi wanasema "nitaivaa dimanshi". Ni muzuri, unakaa saa mbili tatu, unasimama, unakaa tena. Lakini kanisani kila mutu amevaa, hakuna mwenye anakuangalia, na tena kama uko wa kuimba na kucheza utaipasua ao utailowesha jasho. Jambo lingine, mwili unaanza kuijua kama nguo ya misa. Siku ya jumanne ukiivaa unasikia kama umekosea siku.

Nyumbani ni muzuri zaidi kuliko watu wanafikiri, ukikubali kuchekwa. Vaa kabisa, mpaka viatu, fanya mambo yenye utafanya kule: kaa ku meza, andika barua ya maombi kwa mukono, jibu maswali kwa sauti na mutu amekaa mbele yako, kunywa maji bila kumwaga ku kravati. Saa moja, mara tatu kwa wiki. Pale njo utajua kola inakukaba ao shemizi inatoka mu mukaba kila ukisimama.

Lakini kama ningechagua moja tu, ningechagua njia. Siku ya kazi, saa moja asubuhi, vaa yote, toka nyumbani kwenu mpaka fasi ofisi ziko, Nguba, Muhumba, ao avenue Lumumba yote kwa mguu. Panda taxi na mubanane wane nyuma. Uwe na sababu: peleka sivi fasi, pita ku ONEM ujiandikishe kama mutafuta kazi, uliza kitu ku risepsio (tunajibu, hatuume). Mara ya kwanza utasikia kama mutaa wote unakuangalia. Mara ya tatu mutoto atakuita "papa, nipatie mia" na hautashituka, utatafuta tu kama uko na mia.

Wenye kupenda kusapa (kuvaa kwa kujionyesha) wanisamehe, muimbaji Papa Wemba alitufundisha nguo ya kutazamwa na watu wote wa mutaa, na ile ina siku yake. Kofia, mkufu, soksi za rangi tano, ukishapata kazi utazivaa siku ya mushahara.

Kwa mudogo wangu tumemaliza hivi: shemizi mbili (nyeupe moja, bluu moja), pantalo ya kijivu, vesti ya bale ya bluu giza yenye tulipata mara ya pili kwenda Kadutu, dola 9 nyuma ya kubishana sana, fundi amefupisha mikono. Kravati ya papa, yenye papa hajawahi kuvaa. Wiki ya kwanza alikuwa anaivaa akijifungia mu chumba. Jana nimerudi kazi nikamukuta ku mulango, amevaa vesti, anapepea mbabula, mama anamupigia kelele makala yatamuchafua, naye anamuuliza makala gani.